Jumamosi za Picha Pale Kansanga

Nimeandika herufi ndani ya katuni kwa miaka arobaini na kidogo, na mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa ofisi. Siku ya kuniaga, ninyi vijana mliobaki mliniuliza haya maonyesho yetu ya katuni yalianzaje, haya ambayo sasa yanajaza ukumbi mzima na watu wanakuja wamevaa mabawa ya maboksi. Mmoja wenu alisema yalianza siku mlipotundika bango la kwanza. Sikumjibu kwa sababu keki ilikuwa inakatwa. Namjibu sasa. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyote viwili vilichelewa, na havina hadithi.

Niliingia kazini nikiwa na miaka kumi na tisa, miezi michache baada ya jeshi kuchukua nchi. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, Mwislamu kutoka Arua. Mama alikuwa Mkatoliki. Tulikaa kambi ya polisi, na kambini watu wa makabila kumi na mawili waligombana, wakaoana na kuazimana chumvi kwa Kiswahili. Ndiyo maana nilipata kazi. Kiwanda kimoja cha uchapaji katikati ya mji wa Kampala kilikuwa kinatoa vitabu vya katuni vya Kiswahili kwa ajili ya askari, wachuuzi na wageni, na kilitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri ambaye hangeuliza maana ya kila neno.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Wafula, Mkenya kutoka Bungoma, mtu mrefu ambaye ncha za mikono ya shati lake zilikuwa nyeusi kwa wino. Yeye ndiye aliyebuni hadithi na kuzichora. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na herufi ndogo, kwa hiyo alihitaji mkono wa mtu mwingine. Alinipa kalamu ya kuchovya, kichupa cha wino na karatasi, akaniambia niandike herufi O.

"Ngapi, Mwalimu?"

"Mpaka zifanane."

Zilichukua siku nne. Siku ya tano aliinua karatasi dirishani, mwanga ukapita kati ya zile O zote kama maji kwenye chujio, akasema, "Sasa hizi ni ndugu." Hiyo ndiyo barua ya ajira niliyopata.

Vifaa vyetu vilienea ndani ya boksi la viatu: kalamu mbili, rula, penseli laini, wembe. Wembe ulikuwa wa kuondoa makosa. Unaacha wino ukauke kabisa, unalaza wembe, unanyoa bila kuchimba, kisha unasugua pale kwa ukucha wa kidole gumba ili wino mpya usitambae. Nawaeleza ingawa kompyuta zenu zina kitufe cha kufuta. Kitufe hakimfundishi mtu kusita.

Maneno ya katuni yanakaa ndani ya lile duara linalotoka mdomoni mwa mtu, tuliloliita puto. Bwana Wafula alinifundisha kuandika maneno kwanza, puto ndipo lichorwe kuyazunguka. Na kabla sijaandika, alinong'ona kila sentensi mara tatu huku amefumba macho. Pumzi ikimwishia katikati, alipunguza maneno. Asubuhi nyingi za ujana wangu nilizipitisha hivyo, mashine ikitikisa sakafu chini ya viti vyetu na mtu mzima akinong'ona peke yake kando yangu kama anayemsimulia mtu aliyelala.

Hadithi yetu iliyopendwa ilikuwa ya tarishi aliyebeba barua moja. Mvua ilikuwa imefuta jina juu ya bahasha, kwa hiyo alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kama ni yao. Kila kitabu kilikuwa na nyumba moja. Wengine walidai ni yao na haikuwa. Wengine waliogopa kuigusa. Siku moja nilimuuliza Bwana Wafula ndani ya ile barua mna nini.

"Sijaifungua," alisema, akaendelea kuchora.

Mwaka wangu wa pili, Wahindi waliamriwa kuondoka nchini. Mwenye kiwanda chetu, mzee aliyezoea kunywa chai yake amesimama, alimaliza chai, akaosha kikombe chake mwenyewe, akaenda. Kiwanda kikapewa mtu ambaye hakuwahi kugusa mashine. Alikuja mara mbili, akaizunguka, akaigonga kwa kidole. Baada ya hapo karatasi ikaisha, kisha wino wa mashine, kisha mkanda ukakatika, na sakafu ikatulia. Tuliendelea kwenda kazini kwa sababu hakuna aliyetuambia tusiende. Bwana Wafula alianza kuchora kwenye maboksi ya sabuni, upande mweupe wa ndani, na mimi niliandika maneno kama kawaida. Kila ukurasa ukawa mmoja tu duniani.

Asubuhi moja mama mmoja alitokea mlangoni na furushi la nguo kichwani. Alikuwa Nalongo, yaani mama wa mapacha, na aliuza nguo kuukuu katika soko la Owino.

"Ssebo, bwana," alimwambia Bwana Wafula, "yule talishi yenu amefika wapi? Miezi tatu sijaona kitabu."

"Hakuna karatasi, mama. Hadithi ipo, lakini iko kwenye maboksi."

"Basi nionyeshe boksi."

Akashusha furushi. Tulimpangia kurasa juu ya ile mashine iliyokufa, naye akazipitia moja moja, midomo ikicheza. Nilipogundua anaanza na ukurasa uliokaa kichwa chini, nilijua hajui kusoma. Aliugeuza bila haya na kuendelea.

"Nyumba hii walimkaribisha vizuri," alisema mwishoni.

Kwa maneno niliyoandika mimi, nyumba ile walimfukuza tarishi kwa adabu. Nilimtazama Bwana Wafula, nikadhani atamsahihisha. Hakumsahihisha. Baadaye aliniambia, "Nimemchora mwenye nyumba amefungua kiganja. Yule mama amesoma kiganja. Nani kakosea?"

Kesho yake Nalongo alirudi na wenzake sita. Keshokutwa yake walikuja wahudumu wawili wa baa kutoka mtaa wa Kabalagala, na dereva mmoja Mkongo. Mwenye kiwanda mpya akasikia, akasema hataki mikusanyiko. Alikuwa na sababu. Miaka ile watu watano wakisimama pamoja, wa sita alipita upande wa pili wa barabara. Ndipo Nalongo akasema kaka yake ana ghala la kahawa pale Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba, nalo halina hata gunia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maonyesho yenu ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Tulifunga kamba ukutani kuzunguka ghala lote, tukabana kurasa kwa vibanio vya nguo vya Nalongo, na watu wakaingia kwa mlango mmoja, wakafuata hadithi kwa miguu. Bati lilikuwa na matundu ya misumari, na kila tundu lilishusha mwanga mwembamba kama uzi. Vumbi la kahawa liliinuka kila mtu alipopiga hatua. Hakuna aliyeharakisha. Aliyejua kusoma alimsomea wa nyuma yake kwa sauti ya chini, na wa nyuma akampokeza mwingine, hivyo neno lilikuwa linasafiri ghala zima na kufika mwisho limebadilika kidogo. Watu kama arobaini walitembea ndani ya hadithi ile siku hiyo. Walipofika ukurasa wa mwisho walitoka nje, wakasimama juani wakipepesa macho, kisha wakarudi mlangoni kuanza tena.

Nilikuwa nimeandika maneno yale yote, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kumwona mtu akiyasoma.

Mwaka uliofuata walileta vitabu vyao vya zamani kubadilishana, na wengine walileta michoro yao wenyewe. Kinyozi mmoja wa Kansanga alileta daftari zima la mbuzi wanaoendesha baiskeli. Lakini sasa tulikuwa wengi, na wengi walihitaji kibali. Nikaenda kwa Baba.

"Ni mkutano wa dini?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Hapana, Baba. Watu wanaangalia picha."

"Wanaongea?"

"Wanasoma."

"Kwa mdomo?"

"Kidogo."

Baba alivuta karatasi. Kisha akaandika kwa mwandiko wake wa polisi: maonyesho ya picha, hakuna hotuba. Akatia sahihi na kunikabidhi bila kuniangalia. Nilikuwa bado mdogo kiasi cha kudhani ameandika karatasi tu.

Mwaka wa nne wa maonyesho tarishi alifika nyumba ya mtu mkubwa. Bwana Wafula alimchora ameketi, kiti hakionekani kwa upana wake, mkono mmoja umenyooshwa. Hakumvika sare wala nishani. Alifumba macho, akaninong'onezea mara tatu, na mimi nikaandika ndani ya puto: "Barua zote ni zangu." Niliandika vizuri. Zile O zilikuwa ndugu. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha, kisha Bwana Wafula akasema, "Tuendelee." Tulijua tumemchora nani. Sitawaambia kwamba hatukujua.

Jumamosi ile nilitangulia ghalani kutundika kurasa. Nalongo alikuwa nje akifagia. Bwana Wafula alikuwa amekwenda Kabalagala kuwapokea wageni. Saa mbili na nusu Baba alikuja kwa miguu, amevaa sare, kola imelowa jasho.

"Kuna kapteni anakuja saa nne," alisema. "Mtu amepeleka maneno kwamba hapa kuna picha ya mkubwa. Ni ipi?"

Nikamwonyesha. Alisoma puto lile akiwa amesimama wima, kama anayesomewa amri.

"Maneno haya kaandika nani?"

"Mimi, Baba."

"Na kibali nimetia sahihi mimi," alisema. Hakusema kwa hasira. Aliweka kofia yake kichwani vizuri. "Zaituni, lazima nirudi kazini kabla hawajaniona huku. Fanya unachojua kufanya."

Akaenda. Nilisimama mbele ya kamba. Kushusha ukurasa ule mmoja kungeacha pengo, na pengo lingeulizwa. Kufuta puto moja tu kungekuwa sawa na kulizungushia alama nyekundu. Nikatoa wembe kwenye boksi la viatu. Nilianza na ukurasa wa kwanza, nikanyoa kila neno kutoka mdomoni mwa kila mtu. Kurasa kumi na nane. Unga mweupe wa boksi ulidondoka juu ya viatu vyangu, na mle ndani mlikuwa kimya hivi kwamba nilisikia wembe ukipita. Sikuchimba hata mara moja. Mkono ulikuwa umefundishwa na mtu mzuri. Mpaka leo sijui ni kiasi gani nilifanya kwa ajili ya Baba, kiasi gani kwa ajili ya Bwana Wafula, na kiasi gani kwa kujiogopea mwenyewe. Nimekuwa na muda wa kutosha wa kuligawa jambo hilo, na halijagawanyika.

Nilikuwa nasugua puto la mwisho kwa ukucha Bwana Wafula alipoingia. Alitazama ukuta wote, polepole, kutoka mlangoni mpaka kwangu.

"Ungenisubiri," alisema.

"Ningekusubiri ungekataa, Mwalimu."

"Ndiyo. Ningekataa." Akaangalia ule unga kwenye viatu vyangu. "Umewafunga midomo watu wangu wote, Zaituni."

Akatoka, akaketi nje juu ya jiwe, upande wa nyuma wa ghala, ameupa ukuta mgongo.

Kapteni alifika saa nne kamili na askari wawili. Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Walisimama walipokuwa, wamebana mikono. Alikuwa kijana, pengine alinipita miaka mitano. Alianza na ukurasa wa kwanza kama kila mtu, mikono nyuma.

"Kwa nini hapana maneno?"

"Wino umekwisha, afande," nilisema.

Aliguna. Wakati ule sukari ilikuwa imekwisha, sabuni imekwisha, chumvi ilionekana kwa bahati. Hakuna jibu ambalo lingeaminika upesi zaidi.

"Kila kitu nakwisha," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshini, akasogea ukurasa wa pili.

Alikwenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, na nyuzi za mwanga zikapita juu ya mabega yake moja baada ya nyingine. Alipofika kwa mtu mkubwa alisimama. Nilisikia lori likipita barabarani na kwenda zake.

"Huyu nasema nini?" aliuliza bila kugeuka.

Mimi ndiye niliyetakiwa kujibu. Akajibu Nalongo. Alikuwa hatua tatu nyuma yake, ufagio bado mkononi.

"Afande, huyu nauliza talishi kama amekula."

Kapteni akageuka, akamwangalia. Nalongo hakushusha macho, lakini pia hakuyakaza. Alikuwa anaangalia picha. Nataka mjue kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa hajawahi kuyahitaji maneno yangu. Kila mwaka alikuwa ametembea mbele ya kurasa zile akiyatia yake, na mwaka huo, kati yetu wote, ni yeye peke yake ambaye hakupungukiwa na kitu. Aliona mtu aliyeketi na mtu aliyesimama baada ya safari ndefu, na mkono ulionyooshwa.

"Na talishi najibu nini?" Kapteni aliuliza.

"Nasema, bado."

Kapteni alirudisha uso kwenye ukurasa. Nilimwona kwa ubavu. Alikuwa anauangalia ule mkono ulionyooshwa. Sijui alitoka kwao lini, wala nani alikuwa amemuuliza swali hilo mara ya mwisho.

"Basi wamupe chakula," alisema.

Akamaliza kurasa zilizobaki, zote, hakuruka hata moja. Mlangoni alimuuliza Nalongo kama iko ingine, Nalongo akamwambia mwaka ujao. Akaondoka na askari wake.

Kisha mtu mmoja alianza kutembea, na mwingine, na watu wakaanza kunong'ona. Kila mmoja alimpa tarishi maneno yake. Mwanamke mmoja mbele ya ukurasa wa tatu alikuwa anaomba msamaha, sijui kwa nani. Mzee mmoja alikuwa anataja majina, moja kwa kila puto, na alipomaliza maputo yale yote alikuwa bado ana majina. Ghala lilivuma kama mzinga. Nilizunguka na mstari ule mpaka miguu ikafa ganzi, nikisikiliza, na nikajiona siko Kansanga wala popote.

Bwana Wafula hakuingia. Jioni alikusanya kurasa, akazifunga kwa kamba, akanipa mimi. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Wakenya wengi walikuwa wanaondoka wakati ule, kila mmoja na sababu zake, na wenzake waliniambia amevuka mpaka pale Busia salama. Hakuniachia neno. Niliendelea na Jumamosi za Picha kwa kurasa zilezile zisizo na maneno, na hakuna aliyelalamika kwamba hadithi haisogei. Kisha vita vikaja, utawala ule ukaanguka, na katika siku za uporaji ghala lilivunjwa mlango. Kurasa za tarishi ziliwashia watu moto wa kupikia. Nimewasamehe. Uji ulihitajika.

Miezi michache baadaye nilipanda basi kwenda Bungoma. Nilimkuta akipaka jina la duka la mbegu ukutani, juu ya ngazi, herufi kubwa kama milango. Macho yake yalikuwa yameishia hapo. Alinitambua kwa sauti. Akashuka, akafuta mikono, tukakaa kwenye kivuli cha duka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu mpakani.

"Acha kwanza," alisema. "Nilikaa nje siku ile kama mtoto aliyenuna. Nilisikia sauti tu. Walikuwa wanasema nini?"

Nikamweleza yote niliyokumbuka: yule mama wa ukurasa wa tatu, mzee wa majina, mpaka Nalongo na Kapteni. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikicheza. Nilipofika mahali pa Nalongo aliniambia nirudie. Nikarudia. Akataka mara ya tatu.

"Pumzi inatosha," alisema. Kisha akasema, "Ni bora kuliko langu, Zaituni. Langu lilikuwa kweli, lakini mtu yeyote angeliandika."

Alichora upya ukurasa ule wa mtu mkubwa pale pale Bungoma, mkubwa mara nne ili aweze kuuona, na mimi niliandika. Hatukuzungumza tena habari ya radhi.

Nilirudi nao Kampala, na kabla mwaka haujaisha tulifunga kamba tena Kansanga. Ulikuwa ukurasa mmoja peke yake ukutani, na watu walipanga mstari kuuona. Nalongo alikuja na furushi lake. Alisimama mbele ya ule ukurasa, akaangalia picha, akatikisa kichwa kukubali, akataka kupita.

"Nalongo," nilimwambia, "hayo ndani ya puto ni maneno yako. Ya siku ile."

Alinitazama, kisha akatazama puto. Akashusha furushi sakafuni.

"Wapi nimesema 'bado'?"

Nikachukua kidole chake, nikakiweka juu ya neno. Alikipitisha kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Kwenye ile O kidole kilizunguka, kikazunguka tena. Nyuma yake mstari ulikuwa umefika nje ya mlango, hadi barabarani, na hakuna aliyemsukuma.